Jalada la mtumishi halihitaji mdukuzi ili livuje

Mhariri,

Ofisi za umma zinapohamishia kumbukumbu za watumishi kwenye kompyuta, hofu yote huenda kwa wadukuzi. Wapo kweli. Mwaka 2015 Marekani ilitangaza kuwa ofisi inayosimamia watumishi wa serikali yake kuu imeibiwa taarifa za watu milioni 21.5, zikiwamo alama za vidole za watu milioni 5.6, na kidole hakibadilishwi kama nywila. Ila uvujaji wa kila siku unapitia masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada, kwenye jalada linalobebwa mkononi.

Kosa kubwa ni kurundika kila kitu katika jalada moja. Barua ya ajira, vyeti na barua za kupandishwa cheo hazigombani. Taarifa ya daktari na shauri la nidhamu ambalo bado halijaamuliwa zina mahali pake pengine. Jalada likipelekwa kwa mkuu wa idara ili aidhinishe likizo tu, kila mkono linaopitia, kuanzia mhudumu hadi katibu muhtasi, unaweza kusoma ugonjwa wa mwenyewe. Ya afya yafunguliwe jalada lake, likae masijala ya siri, ufunguo awe nao afisa mmoja na msaidizi wake. Kwa likizo, jalada lisitoke kabisa. Dokezo la mistari mitatu linatosha: siku anazostahili, alizokwisha kuchukua, zilizobaki.

Likilazimika kutoka, kila folio, yaani kila karatasi ya jalada, iwe na namba yake kwa wino, na rejesta ionyeshe nani kalichukua, saa ngapi, kwa kazi gani, likiwa na folio ngapi. Anayerudisha asubiri zihesabiwe mbele yake. Hapo ndipo watu wanapochoka: karani analisukumia kabatini, na miezi baadaye folio ya 41, barua ya onyo, haionekani wala hakuna wa kuulizwa. Hata karatasi iliyoingizwa kimakosa isichomolewe kimyakimya. Mahali pake iwekwe nyingine inayosema iliondolewa lini na kwa idhini ya nani.

Kompyuta nayo ina yake. Orodha ya waliopandishwa vyeo hutumwa kama jedwali ambalo safu za tarehe za kuzaliwa na akaunti za benki zimefichwa tu. Mpokeaji akibofya mara mbili tatu, zote hizo hadharani. Vivyo hivyo kufunika jina kwa mstatili mweusi ndani ya PDF: mara nyingi maandishi yamebaki palepale chini yake, yananakilika. Safu zinazohitajika zinakiliwe kwenye faili jipya kabisa. Kama ni karatasi, jina lifutwe kwa kalamu ya wino mzito, itolewe fotokopi, na inayotumwa iwe fotokopi hiyo baada ya kukaguliwa. Ile yenye wino, ukiiinua kwenye mwanga, jina mara nyingi linasomeka.

Nywila moja kutumiwa na ofisi nzima haina utetezi. Mfumo ukisema “masijala” imefungua rekodi ya fulani saa tatu usiku, umemtaja nani? Kila mtu awe na akaunti yake, na anayehama ifungwe siku hiyohiyo. Kumbukumbu za nani amefungua nini zipitiwe kila mwezi na mtu asiye wa masijala, la sivyo zinajaza nafasi tu.

Mkopeshaji akipiga simu kuuliza habari za mtumishi, asijibiwe kwa simu. Alete ombi la maandishi lenye idhini iliyosainiwa na mtumishi, na ajibiwe alichoidhinishiwa tu.

Mwenye jalada naye aruhusiwe kulisoma walau mara moja kwa mwaka, mbele ya afisa, na akiomba sahihisho apewe jibu kwa maandishi. Yeye ndiye atakayegundua mapema kwamba tarehe ya kuajiriwa imekosewa, au kwamba cheti cha mtu wanayefanana majina kimeingia humo. Likisubiri hadi anastaafu, kosa hilo litakuwa limekwisha kuingia kwenye hesabu ya mafao.

Mtunza kumbukumbu