Waulizeni wazee wa Manchester walivyowasha moto

Ndugu Mhariri,

Makala za kumbukumbu za utoto katika miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza tunazisoma kwa furaha. Tatizo ni kwamba nyingi huishia kwenye mpira wa mtaani, samaki na chipsi, na moshi wa viwanda. Sisi tunaohudumia wazee Manchester na Salford tunaomba nafasi tuzungumzie kinachoachwa: kazi za nyumbani. Mzee aliyezaliwa Ancoats, Ardwick au Gorton kati ya 1935 na 1945 alizifanya tangu angali mdogo, na hata ugonjwa wa kusahau unapomnyang'anya majina ya wanawe, mara nyingi mikono yake bado inazijua. Waswahili wanaofanya kazi hii hukwama wanapouliza, "Unakumbuka zamani?" Muulize, "Bibi, asubuhi moto mliuwashaje?" Halafu umfuate. Ila huwezi kumfuata kama hujui vifaa vyenyewe.

Nyumba zilikuwa za safu, ukuta kwa ukuta. Nyingi zilikuwa na vyumba viwili chini na viwili juu, mlango wa mbele ukifungukia barabarani na wa nyuma kwenye kiua kidogo chenye choo. Jiko la chuma ndilo lililopika na kupasha chumba joto, na mara nyingi lilichemsha pia maji ya tangi dogo lililokuwa nyuma yake. Makaa ya mawe yaliletwa kwa magunia ya ratili 112, yaani kilo 50 na ushee. Asubuhi unaanza kwa kukwangua jivu. Usiyatupe makaa yaliyoungua nusu, maana hayo hushika haraka. Gazeti linasokotwa na kufungwa fundo, kwa kuwa karatasi iliyolegea huwaka ikaisha kabla vijiti havijashika. Juu yake vinapangwa vijiti vikavu vya kupishana, kisha yale makaa ya jana na vipande vidogo vya makaa mapya. Makubwa yanangoja.

Moto ukizubaa, koleo la kuzolea makaa linasimamishwa mbele ya jiko na ukurasa mzima wa gazeti unatandazwa juu yake, ili hewa yote ilazimike kupita chini ya wavu. Moto unaanza kunguruma. Hapo mtoto alifundishwa kukodolea macho katikati ya karatasi: ikianza tu kugeuka rangi ya kahawia, iondoe. Ukichelewa, itashika moto na kuvutwa juu ya dohani, ambako masizi yaliyoganda yanaweza kuwaka hadi juu ya paa. Moshi ukirudi chumbani, kwa kawaida ni kwa sababu hewa baridi imejaa kwenye dohani. Karatasi moja iliyowashwa na kuinuliwa mdomoni mwa dohani iliipasha hewa hiyo. Usiku moto ulifunikwa kwa vumbi la makaa lililoloweshwa maji, uweze kuishi hadi alfajiri. Jambo moja la hatari wazee wengi watakutajia wenyewe, hasa wakikumbuka baridi kali ya 1962 na 1963: kama mabomba yameganda, usiwashe moto mbele ya lile tangi. Maji yakichemka bila pa kutokea, tangi hupasuka.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Nyama ya Jumapili ilibaki, ikaliwa baridi, kwa hiyo hakuna aliyesumbuka kupika. Nguo nyeupe zililowekwa tangu jioni ya kuamkia siku hiyo. Maji yalichemshwa katika birika kubwa lililojengewa matofali na kuwashiwa moto chini, au baadaye la gesi, kisha yakahamishiwa kwenye pipa la bati lenye mikunjo. Nguo zilitwangwa humo kwa mti mrefu mfano wa mchi, ambao chini ulifungwa kikombe cha shaba chenye matundu. Kikombe kinaposhuka husukuma maji kupita kwenye nguo, kinapopanda huyavuta. Kola na mikono ya mashati ilisuguliwa kwenye ubao wa mabati. Mpangilio haukubadilika: nyeupe kwanza, kisha za rangi, na mwisho kabisa maovaroli ya kiwandani katika maji yale yale. Manchester ina bahati ya maji laini, ambayo tangu 1894 baadhi yake yanatoka mbali, kwenye ziwa Thirlmere, hivyo sabuni hutoa povu upesi. Mzee akihamia kusini kwenye maji magumu, jambo la kwanza kulalamikia ni sabuni.

Bluu ya nguo wasomaji wetu wanaijua. Kule ilifungwa katika kitambaa na kuzungushwa kwenye maji ya mwisho ya kusuuza. Nguo ikiachwa itulie humo, inatoka na michirizi. Halafu ilifuata mashine ya kukamulia yenye magogo mawili ya mbao na mkono wa kuzungusha. Vifungo vikunjwe ndani, ama sivyo vinavunjika. Vidole vya watoto navyo vilikuwa hatarini, na ukimuuliza mzee habari hiyo huenda akakunyooshea kidole kuonyesha kovu.

Kamba zilivuka uchochoro wa nyuma. Adui alikuwa masizi. Chembe ikitua kwenye shuka bichi, usiipanguse kwa mkono, itatandaa na kuwa doa la mafuta. Unaikung'uta, au unaacha shuka likauke kwanza. Katikati ya jiji palitangazwa eneo lisilo na moshi mwaka 1952, miaka minne kabla ya sheria ya hewa safi ya nchi nzima, lakini mitaa ya makazi ilifuata polepole, na wengi walikua wakipigana vita na masizi hayo kila wiki. Ndiyo maana jiwe la kizingiti lilisuguliwa kwa kipande cha mawe yaliyosagwa na kuchanganywa na saruji: unalowesha kizingiti, unachora kingo kwa jiwe, unapitisha kitambaa chenye unyevu ili rangi isawazike. Mwokota vyuma na matambara alikupa jiwe hilo ukimpa nguo kuukuu.

Jikoni kuna jambo litakalowapendeza wenzetu. Watu hawa walikula utumbo! Uliuzwa madukani ukiwa umesafishwa na kuchemshwa tayari, mweupe, na wengi waliula baridi kwa siki na chumvi. Wa moto ulipikwa hivi: nusu kilo ya utumbo uliokatwa vipande, vitunguu viwili vikubwa, maziwa nusu lita. Vyote vichemke taratibu kama saa moja, kisha unakoroga kijiko cha unga wa ngano katika maziwa kidogo baridi na kumimina ili mchuzi ushike. Chumvi na pilipili nyeupe huja mwishoni. Moto mkali unakata maziwa. Ukinunua utumbo mbichi, uchemshe peke yake kwa maji hadi ulainike, saa kadhaa, ndipo uutie kwenye maziwa. Na tafadhali msitie bizari wala tangawizi. Kwetu ni kitamu zaidi hivyo, lakini mzee anautafuta ule wa mama yake. Kama ana shida ya kumeza, waulizeni kwanza wataalamu, kwa sababu utumbo hutafunika kwa taabu.

Kwa wanaume wa Gorton kuna mlango mwingine, na Wakenya, Waganda na Watanzania wanaweza kuufungua kuliko mtu yeyote. Kiwanda cha Beyer, Peacock kilichofungwa 1966 ndicho kilichounda garimoshi 34 za aina ya 59 mnamo 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi na jina la mlima. Mount Gelai, namba 5918, ipo katika makumbusho ya reli Nairobi. Aliyeacha shule akiwa na miaka 15 na kuingia hapo kujifunza kazi huenda alishika misumari yake. Mwonyesheni picha, muulizeni alikuwa karakana gani.

Onyo letu ni kuhusu harufu na sauti. Waliokuwa wadogo usiku wa 22 na 23 Desemba 1940, Manchester ilipopigwa mabomu, wanaweza kushtuka kwa harufu ya kitu kinachoungua au king'ora cha majaribio. Leteni bluu, ubao wa kufulia na vibanio vya nguo, lakini msilete makaa yanayofuka wala taa ya mafuta iliyowashwa. Mzee akinyamaza ghafla au akitazama dari, kiondoeni kile kitu, mpeni chai, na mwandike kwenye daftari la huduma kilichomshtua ili wa zamu ya usiku wasikirudishe.

Wahudumu wa wazee,
Manchester na Salford