Kileti cha kasia kisisahaulike

Mhariri,

Makala yenu kuhusu usalama wa mashua ndogo ilieleza vizuri habari za jaketi okozi na namna ya kuchagua makasia, lakini haikutaja hata mara moja kileti, yaani kile chuma chenye pembe mbili kinachosimama ukingoni mwa chombo na kulishika kasia.

Mpigaji anapovuta, bapa la kasia hukaa majini karibu mahali palepale, na chombo ndicho kinachosogea, kikisukumwa kupitia kileti. Kwa hiyo kileti hubeba nguvu ya mikono pamoja na ile ya maji: kwa kasia la mashindano lenye urefu wa karibu mita 2.88, ambalo takriban sentimita 88 tu ziko upande wa ndani, mzigo wake hufika kama mara moja na nusu ya nguvu anayoivuta mpigaji. Chuma ambacho mguu wake umeliwa na kutu ndani ya tundu la ukingoni unamoingia, mahali pasipoonekana, hakiwezi kuaminiwa kwa kazi hiyo.

Wimbi liliwahi kuliinua kasia langu la kulia, kileti kikachomoka, kikagonga ukingo mara moja na kuzama. Kila nilipovuta kasia lililobaki, mashua ilizunguka tu. Kilichoniokoa ni kipande cha kamba nilichokipitisha kwenye tundu tupu na kukifunga kiwe kishwara, yaani kitanzi cha kulishika kasia, nikaingiza kasia humo, nikafika ufukoni polepole huku viganja vimechubuka.

Kishwara si jambo la kudharauliwa. Mwaka 429 kabla ya Kristo, mabaharia wa Peloponesi, kusini mwa Ugiriki, waliokusudia kuishambulia bandari ya Athene walitembea kwa miguu kutoka Korintho hadi Megara, na kila mmoja alichukua vitu vitatu: kasia lake, mto wa kukalia na kishwara chake.

Ninalosihi ni kwamba kila kileti kifungwe kwa ugwe imara ili kikichomoka kisipotee, kichomolewe na kutazamwa mguu wake kabla ya safari, na kamba ya akiba isikosekane chomboni. Ngozi inayozungushwa kwenye kasia pale linapogusana na kileti nayo ipakwe mafuta, maana ikikauka hupasuka. Mtakapoichapisha tena orodha yenu ya vitu vya kukagua, naomba kileti kitangulie makasia yenyewe.

Wenu,
Mpiga makasia