Barua kwa Mbwana: umesema nini?

Saint Paul, Minnesota
Jumamosi usiku

Sahibu yangu Mbwana,

Salamu sana, wewe na wa nyumbani wote. Barua yako imefika, na lile swali lako limenikaa: vijana wanakuja siku mbili kujifunza zumari, mashavu yakianza kuuma hawaonekani tena, ufanyeje? Dawa sina. Ila nikusimulie ninayoyaona kwenye gereji ya jirani, maana mwanangu Salim kila Jumamosi anashinda huko.

Jirani ni mzee wa Kihmong, mzaliwa wa milima ya Laos. Zama za vita vya Vietnam Wahmong wengi walipigana upande wa Wamarekani kule, na mambo yalipoharibika mwaka 1975 wakavuka mto Mekong kukimbilia kambi za Thailand, kisha wakaletwa huku. Siku hizi nikitaka mchaichai na pilipili za maana, naenda soko lao.

Mzee anafundisha qeej, ala yao ya kupuliza. Kulitamka jina hilo, anza na qaf ile ya Kiarabu tuliyochapiwa chuoni, kisha malizia puani, kama "qeng". Hiyo j haitamkwi, inaonyesha tu kwamba sauti inaanzia juu na kushuka. Ni mianzi sita iliyopinda, imechomekwa kwenye kichwa cha mbao chenye shingo ndefu, na ndani mna ndimi za shaba. Ukipuliza inalia, ukivuta pumzi inalia vilevile. (Mashavu yako yangeshukuru!) Na mpigaji hatulii: anainama, anazunguka, mahodari hubiringika chini na ala mdomoni bila sauti kukatika.

Kilichowavuta vijana ni huko kubiringika. Wameona kwenye sherehe za mwaka mpya wao. Mzee akawakalisha. Wiki za mwanzo hakuna aliyegusa qeej, walikuwa wakikariri maneno tu. Kwa sababu ile ala, Mbwana, inasema. Sisi tuna "barabara" ya kupita na "barabara" ya sawasawa, mkazo ukihama maana inahama. Kwa Wahmong karibu kila neno liko hivyo: "po" hiyohiyo, kwa jinsi unavyoipandisha au kuishusha, ni mpira, ni bibi, ni mwiba, ni kuona, ni kurusha. Qeej inafuata mpando na mshuko huo, na mjuzi anayesikiliza anasikia sentensi.

Tabu ni kwamba watoto waliozaliwa hapa Kihmong chao ni cha kuombea chakula tu. Vidole wanaviiga upesi kwenye video. Jumamosi moja kijana kapiga vizuri, mimi nikataka kupiga makofi. Mzee akamuuliza, "Umesema nini?" Kijana akacheka: "Nimepiga." "Najua umepiga. Umesema nini?"

Ukali wake niliuelewa baadaye. Kwenye mazishi, ambayo huchukua siku kadhaa, nyimbo na qeej na ngoma ndizo humwongoza marehemu. Anarudishwa kila mahali alipowahi kuishi, mji hadi mji, mpaka pale lilipozikwa kondo lake la nyuma: wa kiume kwenye nguzo ya nyumba, wa kike chini ya kitanda cha wazazi. Kondo hilo kwao ni vazi. Alivae kwanza, ndipo aende kwa wahenga. Nilipoelezwa hayo nilinyamaza. Kitovu changu kiko Pangani, unajua chini ya mti gani.

Nyimbo za msiba hazifanyiwi mazoezi ndani ya nyumba, ni mkosi. Ndiyo maana wako gereji na baridi hii. Salim hizo hafundishwi, wala sitaki afundishwe. Wasichana wawili wamo. Zamani hii ilikuwa kazi ya wanaume, na wazee wengine wananung'unika, lakini mmoja wa wasichana hao ndiye anayekariri kuliko wote. Wanaoanza wanapigia mabomba ya plastiki ya maji, maana mwanzi ni ghali na baridi kavu ya hapa inaupasua. Mlio wake, Mungu anisamehe, ni wa bata.

Sasa shida yangu. Juzi mzee kamuuliza Salim: kwenu zumari husema nini? Mtoto akaja kuniuliza mimi, na mimi nikajifanya natafuta funguo.

Wale wazee waliokufundisha, walikuimbia maneno kwanza? Kama yapo niandikie yote, hata ya matusi, nitachuja mwenyewe.

Msalimie mama.

Wako,
Athumani