Usisubiri tumbo lionekane

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi, shoga yangu. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, ila hajui kitu, siri yako ninayo mimi tu.

Ile picha ya kipimo, mistari miwili na wa pili umefifia, nimeitazama mpaka macho yakaniuma. Furaha yangu siwezi kuieleza. Ila neno lako moja limeninyima raha: "Kliniki nitaanza tumbo likionekana." Hapana, Zuhura. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Kwanza hesabu. Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku ilipotunga, kwa hiyo huenda uko mbele kuliko unavyodhani. Jumla ni kama wiki 40, na hugawanywa vipindi vitatu: cha kwanza hadi wiki ya 13, cha pili wiki ya 14 hadi 27, cha tatu wiki ya 28 hadi kujifungua. Kila kipindi kina hatari zake na vipimo vyake, na kilichopita hakirudi.

Hiki ulichomo sasa ndicho kinachonitia wasiwasi. Tumbo bado bapa, nguo zako zote zinakutosha, kumbe ndani viungo vyote vikuu vinaumbwa. Sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga karibu na wiki ya 6, wengi wetu hata hatujajijua. Ndiyo maana tunaambiwa tumeze foliki asidi, ile vitamini inayosaidia sehemu hiyo ijifunge vizuri, mikrogramu 400 kila siku, ikiwezekana kabla ya kushika mimba, hadi wiki ya 12. Na ndiyo maana navikumbuka vile vidonge vyako vya chunusi! Vingine huharibu kiumbe kabisa. Acha kuvimeza leo, na pakiti umpelekee daktari.

Mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika kipindi hiki. Sikutishi, na mara nyingi mama hana kosa lolote. Mwanaidi alijilaumu bure mwaka mzima. Halafu ultrasaundi ya mapema ndiyo inayokadiria vizuri umri wa mimba. Ukichelewa, huko mwishoni watabaki kubishana kama mtoto ni njiti au amepitiliza.

Kipindi cha pili wengi hukifurahia. Kichefuchefu hupungua, na mtoto utaanza kumsikia akicheza kati ya wiki ya 16 na 24. Lakini baada ya wiki ya 20 presha ya ujauzito nayo huweza kuanza. Kichwa kikikuuma sana, ukiona maruweruwe, uso au mikono ikivimba ghafla, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Cha tatu tutakiongea kikifika: mtoto kuongezeka uzito, mapafu kukomaa, wewe kulala kwa ubavu.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8, na la kwanza liwe ndani ya wiki 12. Ukisubiri tumbo, hilo limekupita.

Hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Foliki umeanza? Vile vidonge vinaitwaje? Shemeji atakusindikiza au nije mimi? Na kliniki unakwenda siku gani wiki hii?

Wako,
Rehema