Malalamiko kuhusu vikinga-miguu vya porini na nilivyotendewa kaunta

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: VIKINGA-MIGUU VYA KUWINDIA NA KUPANDIA MILIMA VILIVYOKATIKA SIKU YA PILI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sitawachosha kwa kuwaeleza masharti yenu ya udhamini na ya kurudisha bidhaa, kwa kuwa mliyaandika wenyewe na yamebandikwa ukutani, nyuma ya kaunta ile ile niliyosimamishwa. Ninachotaka mkijue ni kwamba msimamizi wenu wa zamu alikipokea kikinga-mguu changu, kile kifuniko cha kitambaa kinachovaliwa juu ya buti, kwa ncha za vidole viwili, akakiinua mbali na shati lake kama mtu aliyeokota panya mfu, kisha akamwita mwenzake kwa sauti iliyosikika duka zima: "Njoo uone, huyu mzee kweli amekwenda navyo porini!" Wakacheka wote wawili. Vikinga-miguu hivyo, Ndugu Meneja, nilivitoa kwenye rafu yenu yenye maandishi makubwa ya uwindaji na safari za mazingira magumu. Nilitakiwa nivivae wapi, arusini?

Sikuvinunua kwa pupa. Nilianza kwa kuweka kando vile vifupi vya kifundoni, ambavyo vinamtosha mtu anayekimbia kwenye njia safi na hataki kokoto zimwingie viatuni, kwa sababu anayefuata nyayo za mnyama hachagui njia. Nilitaka virefu, vya sentimita 40 hadi 45, vinavyoanzia kwenye buti na kuishia chini kidogo ya goti, kitambaa cha chini kikiwa kigumu kwa ajili ya miiba na mawe, na cha juu chepesi ili jasho lipate pa kutokea. Lebo yenu inasema sehemu ya chini ni nailoni ya denia 1,000, yaani uzi wake wa mita 9,000 una uzito wa gramu 1,000, na hilo sina ugomvi nalo. Nilikikunja kitambaa hicho karibu na sikio nikasikiliza, maana nailoni iliyokakamaa ikikwaruzwa na kijiti hupiga kelele ambayo mnyama huisikia kabla hujamwona. Binti aliyenihudumia alinivumilia katika yote hayo, na kwa subira yake ninamshukuru. Swali langu la mwisho kwake lilihusu ukanda unaopita chini ya soli: je, ukikatika unabadilishika? Akageuza pakiti, akasoma, akajibu kwamba umefungwa kwa skrubu na kwamba ukanda wa akiba upo.

Ukanda huo haukufungwa kwa skrubu. Umeshonwa, tena kwa mstari mmoja wa uzi.

Kila anayetengeneza vifaa hivi anajua kuwa ukanda wa chini ya soli ndio unaotangulia kufa. Ndio unaokanyagwa na kusuguliwa kwenye jiwe kwa kila hatua, na ndiyo maana watengenezaji wenye nia njema huuweka wa mpira mgumu au wa waya wa chuma, na huuacha ufunguliwe ili mteja aweke mwingine bila kutupa kikinga kizima. Wenu ni utepe wa kawaida, mwembamba, unaofanana na ule wa begi la shule. Siku ya kwanza, kwenye majani yenye umande, ulivumilia. Siku ya pili, tukiteremka kwenye mawe kabla ya saa nne asubuhi, ule wa mguu wa kushoto ulikatika ukingoni mwa soli, na kulabu ya mbele, ile inayoshika kamba za buti, ikanyooka kama pini. Kuanzia hapo kikinga kilipanda taratibu hadi gotini kama suruali iliyokunjwa ya mvuvi, na kila kilichotakiwa kubaki nje kikaingia ndani, yaani changarawe, mbegu zenye miiba na maji ya kijito. Nilipovua buti jioni nilikuta kupe watatu juu ya soksi, mmoja amekwisha kung'ata. Nilikuwa nimefunga kikinga kwa kipande cha kamba ya buti, na kamba hiyo haikumaliza hata saa mbili.

Nimeacha jambo moja ambalo lilitangulia yote hayo. Asubuhi ya kwanza, tukiwa tumekwisha kuacha gari mbali, nilifungua pakiti nikakuta vikinga vyote viwili ni vya mguu wa kushoto. Nakiri nilipaswa kuifungua dukani. Lakini mnajua bizimu hukaa upande wa nje wa mguu kwa sababu maalumu, na mimi bizimu ya mguu wa kulia ilikaa ndani, ikawa inanasa kwenye mguu wa pili. Iliniangusha mara mbili, nikiwa na bunduki begani. Namshukuru Mungu kwamba haikuwa na risasi chemberini, kwa kuwa hiyo ni desturi yangu, na wala si kwa sababu yenu.

Nayarudia ya kaunta, kwa sababu mara ya kwanza nimeyaeleza kwa kifupi na yananiuma bado. Nilisimama mbele ya watu saba au wanane. Niliweka juu ya meza vikinga vyote viwili, risiti, na kipande cha ukanda kilichokatika, kisichozidi urefu wa kidole gumba, ambacho nilikihifadhi kwa makusudi ili mafundi wenu wakione. Msimamizi alinyanyua kikinga kwa vidole viwili, kama nilivyosema, akamwita mwenzake, wakacheka. Kisha akaniambia niinue mguu wangu juu ya kiti ili aone soli, nami, kwa heshima niliyokuwa bado nayo, nikainua. Akatangaza kwamba buti zangu zina soli kali na ndizo zilizokata ukanda. Nilipomwambia kuwa soli ya buti za milimani huwa na meno popote duniani, alisema labda sikuvivaa sawasawa. Nikamweleza kuwa mvua ilipoanza nilishusha suruali ya mvua juu ya vikinga ili maji yasiteremkie ndani, na kwamba nimevaa vifaa hivi tangu yeye hajazaliwa. Hapo ndipo alipofanya lile ambalo sitalisahau: alipangusa meza kwa kiganja, na kipande changu cha ukanda kikaenda sakafuni pamoja na vumbi, kama makombo ya mkate. Akasema, "Huu ni uchakavu wa kawaida, mzee. Anayefuata."

Uchakavu wa kawaida, kwa siku mbili!

Kwa hiyo ninaomba nirudishiwe fedha zangu zote, kama masharti yenu yanavyosema kuhusu bidhaa isiyolingana na maelezo yake. Ninaomba pia msimamizi huyo aniombe radhi kwa maandishi, kwa kuwa alinidhalilisha kwa sauti na radhi ya kunong'onezwa kwenye simu haitatosha. Zaidi ya hayo, ninataka maneno ya skrubu na ukanda wa akiba yaondolewe kwenye pakiti zote zilizobaki rafuni, na pakiti hizo zifunguliwe zikaguliwe, maana mahali fulani yupo mwenzangu mwenye vikinga viwili vya mguu wa kulia ambaye hajaanguka bado. Ninawapa siku 14.

Nimeisoma barua hii upya kabla ya kuifunga, na nimeona siku 14 ni nyingi mno kwa mtu aliyehudumiwa kwa sekunde zile. Siku 7 zinatosha. Zikipita, nakala hii pamoja na picha za mshono wenu wa mstari mmoja zitafika kwenye mamlaka inayolinda haki za walaji, kwa wakili wangu, na kwa wanachama wote wa chama chetu cha uwindaji, ambao wengi wao walinunua buti kwenu kwa ushauri wangu mimi.

Kile kipande cha ukanda nilipiga magoti nikakiokota sakafuni, watu wakiniangalia. Nimekiambatisha humu, ndani ya karatasi iliyokunjwa. Atakayefungua bahasha hii asikipanguse.

Wako,
Mteja wenu wa miaka mingi
(Jina, sahihi na nakala ya risiti vimeambatishwa)