Ndege akipoa ghafla hajazoea, anaumwa

Mhariri, salaam. Ukurasa wenu wa mifugo naufuatilia sana, kuku wa kienyeji, mbuzi wa maziwa, sungura, vyote mmeandika mpaka basi, ila sisi tunaofuga ndege wa ndani hamjatukumbuka na siku hizi tupo wengi, hasa wenye kokatieli, yule ndege wa ukoo wa kasuku mwenye kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya chungwa. Naomba nafasi niseme jambo moja linaloniuma.

Watu wanamwogopa ndege mzima alafu wanamsifia ndege mgonjwa. Yani mtu anakutumia video usiku, kaka hebu mcheki huyu, anasaga mdomo kama mtoto mwenye minyoo, nimpe dawa gani? Kumbe hana kitu, kokatieli akishashiba na moyo umetulia, jioni anaanza kusinzia huku anasaga mdomo, ndo raha yake hiyo. Mwingine anakwambia wangu siku hizi kapata adabu, hapigi tena kelele, anakaa tu chini kwenye kona ya tundu, hata ukimshika haumi. Huyo sasa ndo wa kukimbizwa kwa daktari! Siku mbili baadae unasikia kaokotwa asubuhi kakauka na wenyewe wanaapa jana alikuwa mzima kabisa, basi inaanza habari ya jirani mwenye kijicho.

Ndege hawa asili yao Australia, kule bara kwenye ukame, wanahamahama kwa makundi wakifuata maji na mbegu za majani, na mwewe akitokea juu anamchagua yule anayeonekana mnyonge. Ndo maana kuficha ugonjwa kumo kwenye damu yao, hata aliyezaliwa kwenye tundu la mjini anajikaza hivo hivo. Atapanda kijiti ukiingia chumbani, atainamia kibakuli kama anakula. Na hicho kibakuli kinadanganya watu wengi sana maana kokatieli anapasua mbegu anakula kiini anaacha ganda, unakuta kimejaa unasema leo hajala au unasema chakula bado kipo, ukipuliza hivi yote maganda matupu yanaruka. Kipulize kila siku kabla hujasema lolote.

Sasa dalili zenyewe. Akijitutumua manyoya mchana kutwa, macho kafumba nusu, kakanyaga kijiti kwa miguu yote miwili, ujue hayo mambo yameanza zamani. Akisimama mguu mmoja, ule mwingine kauficha kwenye manyoya ya tumbo, huyo anapumzika, mwache. Kisha angalia mkia. Kama ametulia kabisa lakini kila pumzi mkia unapanda na kushuka, kifua kinamshinda, na hiyo sio ya kusubiri Jumatatu. Chafya moja moja ni vumbi, maana wana unga wao mweupe kwenye manyoya unaojaa mpaka kwenye tv, ila chafya zenye makamasi au pua iliyoloana na kuganda ni habari nyingine.

Kinyesi nacho kina mengi ya kusema, na hapa nitawatangazia biashara: gazeti lenu mkishalisoma litandikeni chini ya tundu (samahani Mhariri), sio mchanga wala maranda, ili asubuhi uone vizuri. Cha ndege mzima kina sehemu tatu, kijani au kahawia iliyokaza, nyeupe kama chokaa, na maji kidogo. Akila tango au papai maji yataongezeka, usipige kelele. Lakini ile nyeupe ikigeuka njano au kijani ya ndimu, ini halipo sawa, na cheusi kama lami ni damu iliyotokea juu tumboni. Nunua pia mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kokatieli mkubwa ana gramu 80 mpaka 100 hivi, kwa hiyo gramu 10 zikipungua ni kama mtu wa kilo 70 kupungua kilo 7 ndani ya wiki, na kwa macho huoni chochote kwasababu manyoya yanaficha kila kitu. Mimi nawapima asubuhi kabla hawajala, naandika kwenye kalenda ya ukutani, mke wangu ananicheka mpaka leo.

Kuna hili la usiku wa manane ambalo limeshawatoa watu nje na kanga. Giza totoro, kimya, mara tunduni kunalipuka, mabawa yanapiga waya pa pa pa, ndege anajibamiza huku na huku anapiga mayowe, ukiwasha taa unakuta damu na manyoya chini. Watu wanaita shehe. Hawa ndege wana tabia ya kushtuka gizani kuliko kasuku wengine wengi, na kinachowashtua ni kitu cha kawaida tu, mjusi ukutani, panya, taa za gari zimepita dirishani, au umeme umekatika jenereta la jirani likanguruma. Hawaoni vizuri gizani, anaruka hajui anaenda wapi. Washa taa, mwite kwa sauti unayomwitaga kila siku, usiingize mkono haraka mpaka atulie. Kama unyoya mchanga umevunjika na damu inatoka, bana kwa kitambaa safi na unga wa ngano kidogo, isipokata upesi nenda kwa daktari maana damu yenyewe aliyonayo ni ya vijiko viwili vya chai tu hivi. Baada ya hapo acha kitaa kidogo hafifu kiwake usiku, asione giza tupu. Hizo habari zingine za majini sitaki kuziingilia.

Wale wa njano na weupe, wanaoitwa lutino, nyuma ya kishungi wengi wana kipara. Wanazaliwa nacho, ni kurithi. Mtu anaona kipara anakimbilia mafuta ya nazi au dawa ya fangasi ya kupaka, manyoya yanagandana, ndege anapata baridi na hayo mafuta anayalamba akijisafisha. Huo sasa ndo ugonjwa umeuleta wewe. Ila akijinyonyoa mwenyewe kifuani au chini ya mabawa hapo kweli kuna shida, inaweza ikawa upweke, inaweza ikawa vidudu vya tumboni vinaitwa giardia vinavyomwasha mwili mzima, na huwezi kujua kwa kuangalia, kinyesi kinapimwa kwenye hadubini.

Jike kutaga bila dume sio maajabu, hata kuku anataga. Tatizo ni asipoacha, mayai manne, matano, anapumzika kidogo anarudia, chokaa yote ya mifupa inaishia kwenye maganda, mpaka siku yai linamkwama. Utamkuta chini ya tundu katanua miguu anajikamua, mkia unapiga. Muweke sehemu ya joto, karibu nyuzi 30, na utoke hapo hapo kumpeleka kwa daktari, na tafadhali sana msikamue yai kwa vidole, likipasukia ndani umemuua. Kuzuia ni rahisi zaidi: ondoa kiboksi cha kutagia, ondoa kioo, usimpapase mgongoni (kwake hiyo ni posa), mfunike mapema alale gizani kwa muda wa saa 12 mpaka 14. Na chokaa awe nayo muda wote. Sisi wa pwani tuna bahati, ule mfupa mweupe mwepesi wa dome tunauokota bure ufukweni, uoshe, uanike juani, ubane kwenye waya wa tundu. Mbegu peke yake hazitoshi, alizeti hasa inamnenepesha ini, mpe mchicha, karoti, boga, matembele. Parachichi ni sumu kwake, chokoleti, kahawa na vitu vya chumvi pia.

Na nyumba zetu jamani. Tunapenda udi, tunapenda ubani Alhamisi jioni, jiko la mkaa linawashwa koridoni, dawa ya mbu ya kuwasha usiku kucha, na ndege yupo sebuleni hapo hapo. Pafu la ndege linavuna hewa kuliko letu, ana mifuko ya hewa mwilini na hewa mpya inapita mapafuni akivuta na hata akitoa, kwa hiyo sumu nayo anaipata yote. Waingereza walikuwa wanashuka na ndege kwenye migodi ya makaa ya mawe ili awaonye hewa ikiharibika, wameacha 1986 tu. Kikaango kisichogandisha ukikisahau motoni kikaungua kinatoa hewa ambayo wewe pengine usiisikie na ndege akafa ndani ya dakika chache. Sisemi mtu aache udi wake, hamisha tundu kwanza. Alafu matundu yenyewe ya kuchomelea, ule waya mpya wa kung'aa una zinki, kokatieli anautafuna kutwa nzima na zinki inamlewesha, anakunywa maji sana, anaharisha maji, anakosa nguvu. Usugue kwa siki na brashi ngumu, japo bora kabisa ni waya usiopakwa zinki.

Lililonifanya nichukue simu niandike ni antibayotiki za kuku. Ndege kapoa, mtu anaenda duka la dawa za mifugo, hajaulizwa hata ndege gani, anapewa unga wa kuchanganya kwenye maji. Kwanza huyu ni ndege wa nchi ya ukame, anakunywa maji kidogo mno, yakiwa na uchungu anaacha kabisa, sasa mgonjwa umemnyima na maji. Pili kuna ugonjwa wa kasuku unaoambukiza binadamu, sitakosisi, ulitikisa dunia 1929 na 1930 mpaka Marekani wakazuia kuingiza kasuku. Ndege mwenye nao kwa kawaida anatibiwa siku 45 kwa doksisaiklini, usimamizi wa daktari, hivyo hizo siku tatu za unga zinamchangamsha kidogo tu huku anaendelea kuwaambukiza mliomo ndani. Wewe mwenye ndege ukipata homa, kichwa kikali na kikohozi kikavu, mwambie daktari wako kwamba unafuga, maana yeye hawezi kuota.

Ombi langu Mhariri ni hili, pale Morogoro kwenye chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, SUA, wana madaktari wa wanyama, mtafuteni mmoja anayewajua ndege awe anajibu maswali kwenye ukurasa wenu hata mara moja kwa mwezi. La kwanza nalituma mimi kabisa: kinyesi cha kokatieli kinapimwa wapi kwa sisi tulioko Tanga, na kinatakiwa kifike kikiwa cha muda gani?

Ni mimi msomaji wenu,
Mfuga ndege, Tanga