Risala ya Wanakikundi kwa Mgeni Rasmi: Taka Zetu Zina Mnunuzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Wete,
Mheshimiwa Sheha,
Walimu wetu, masheikh na wazee wetu,
Wanakikundi wenzetu na watoto wetu wa skuli,
Mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uhai na uzima, tukakutana mchana huu. Pili tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuitika wito wetu. Tumefarijika sana kukuona.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu ni cha akina mama wa shehia hii, pamoja na vijana waliojiunga baadaye. Tunakusanya majumbani taka zinazouzika, tunazichambua, tunaziuza kwa kilo. Fedha inayopatikana, sehemu anapewa kila aliyeleta kwa uzito wa alicholeta, na sehemu inaingia kwenye sanduku letu la kuweka na kukopa. Haijengi nyumba fedha hii. Inanunua madaftari na sare, inalipa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, inaongeza sukari na unga mwezi unapokaribia kwisha. Kwa mama asiye na mkarafuu wala shamba la mwani, hiyo ni fedha yake mwenyewe, hakumuomba mtu.

Na kuuza kilichokuwa kitupwe si jambo geni kwetu Wapemba. Msimu wa karafuu ukifika tunakaa usiku na watoto kuchambua, karafuu upande wake na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande wake. Makonyo hayatupwi. Yanaanikwa, yanauzwa ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, na pale kiwandani Wawi, Chake Chake, yanatiwa mvuke yakatoa mafuta. Makumbi ya nazi nayo wazee wetu waliyafukia ufukweni miezi kadhaa, wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba. Mikono yetu inaijua kazi hii. Zilizobadilika ni taka zenyewe.

Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo mwaka 2019. Tunajivunia uamuzi ule. Lakini chupa ya maji na ya soda zipo, zinajaa mitaroni, na masika yakianza zinateremka hadi mikokoni na baharini. Kopo lililotupwa uani linahifadhi maji ya mvua, na mbu wanazaliana humo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie kidogo hapa, maana bei yote ipo kwenye kuchambua. Chupa ya maji na kizibo chake si plastiki ya aina moja. Katakata vipande uvitie kwenye ndoo ya maji: cha chupa kitazama, cha kizibo kitaelea. Mnunuzi akikuta vimechanganyika anashusha bei, au anakataa mzigo mzima. Kwa hiyo tunavua vizibo, tunabandua karatasi, tunamimina maji yaliyobaki, kisha chupa tunaikanyaga ilale. Madumu na ndoo zilizopasuka zina polo lao. Makopo tunayapitisha kwenye sumaku. Linalonasa ni la chuma. Makopo ya soda yasiyonasa ni alumini, na hiyo ndiyo inayotafutwa zaidi, kwa sababu kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika kunahitaji kama asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza mpya kutoka kwenye mawe yake. Maganda ya muhogo na ndizi hatuyapimi, yanakwenda kwa mbuzi na kwenye mboji.

Ipo fedha ambayo tumekubaliana kuikataa. Hatuchomi nyaya ili kupata shaba, kwa sababu moshi wa ile plastiki ni sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto wanaosimama kutazama. Hatupasui betri za gari, zina tindikali na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Wala hatupokei chuma kisichojulikana kilikotoka, iwe mfuniko wa mtaro, koki ya bomba au waya wa umeme. Kikundi kinachonunua mali ya wizi kinaiibia shehia yake, na hatutaki jina letu litajwe hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tatizo letu kubwa ni bahari. Mnunuzi mkubwa yuko ng'ambo ya maji, Unguja au Bara. Polo la chupa ni kubwa kwa macho lakini jepesi kwenye mizani. Chomboni linachukua nafasi ya polo la mchele, na kilo tunazolipwa ni chache, nauli ya mzigo inaimeza faida. Ndiyo maana tunalazimika kumuuzia mtu wa kati anayekuja na bei yake na mizani yake, na akina mama wetu wengi wameshanung'unika kwamba kilo za nyumbani na kilo za mnunuzi hazifanani.

Tunachokuomba ni mashine ya kukandamiza, hata ile ya kuendeshwa kwa mikono, ili chupa zifungwe marobota na chombo kimoja kibebe mzigo wa maana. Tunaomba pia mizani yetu iliyohakikiwa na wakala wa vipimo. Ikiwa vyote viwili haviwezekani kwa pamoja, tuanze na mashine. Banda tutalijenga wenyewe, mawe na mchanga tumeshaanza kukusanya, ila tunahitaji tuonyeshwe kiwanja kihalali ili tusije tukabomolewa. Na tunakuomba uziombe ofisi za Wilaya na skuli zetu zisichome chupa zao. Zituwekee pembeni, vijana wetu watazifuata na baiskeli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii tunakuomba upite kwenye meza iliyo upande wako wa kulia. Akina mama watakuonyesha namna tunavyochambua, na polo mbili ziko tayari zipimwe mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.